Aliyebaki Kwenye Benchi

Chakula cha kwanza kunikwama kilikuwa ndizi. Si nyama, si ugali mgumu, ndizi! Mtu wa Kibosho, aliyelelewa kwa ndizi, kukabwa na ndizi, jamani, huo si ugonjwa, hayo ni matusi. Ilikuwa msimu wa baridi, wakati ukungu unashuka mpaka mlangoni na tunachuma kahawa huku vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa nakula chakula cha mchana na wachumaji. Nikameza, ndizi ikasimama hapa katikati ya kifua, ikagoma. Nikanywa maji, maji yakarudi. Nikajifanya nimepaliwa, nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe nikatapika polepole nisisikike, kisha nikarudi nikacheka na wenzangu.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu leo anaenda nyuma ya zizi lake. Mambo ya kitaalamu simwelezi, siyajui, atayapata kwa daktari. Nataka kumweleza habari za mabenchi, la kanisani na la hospitali, maana yote mawili nimeyakalia hadi nikachoka.

Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu. Kwa asiyejua, jumuiya ni nyumba chache za Wakatoliki majirani. Tunasali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na akiwepo mgonjwa tunahamia kwake. Miaka na miaka mimi ndiye niliyekuwa mbele, rozari mkononi, nikiinama kwenye vitanda vya watu. "Usifiche, mama. Sema unapoumwa tukuombee." Maneno hayo yametoka kwenye mdomo huu huu. Zamu yangu ilipofika, nikaufumba kama mtoto anayeonyeshwa dawa chungu.

Niliogopa, sina neno jingine. Huku mlimani ugonjwa wa koo tunaujua. Kaka mkubwa wa mume wangu ulimmaliza, akawa anashindwa kumeza hata mate yake. Mtu akishasemwa ana koo, watu wanaanza kumtazama kwa macho ya msibani angali hai. Wanamshika mkono muda mrefu mno. Mimi sikutaka kushikwa mkono. Basi nikasema ni vidonda vya tumbo. Nikaanza kunywa uji badala ya kula, nikasema vidonda havitaki chakula kizito. Mume wangu, Baba Deo, mtu mpole, mtu wa maneno machache, aliniangalia, akasema, "Haya."

Sasa ngoja nikwambie lililonivunja kabisa. Kahawa ilikuwa karibu kuisha shambani. Jumapili moja nikapanda mbele kukomunika kama siku zote, nikaipokea Hostia, ule mkate mtakatifu, nikarudi kwenye benchi, nikapiga magoti. Ikakwama. Kile kipande chembamba, kinacholainika kwenye ulimi wa mtoto, kikasimama pale pale ilipoketi ndizi. Nikameza mate, kikapanda. Nikaziba mdomo kwa kanga, nikakohoa, nikakisikia kimerudi mdomoni. Yesu na Maria! Nilikaa nacho ulimini, wimbo ukaisha, misa ikaisha, watu wakatoka wakisalimiana nje, mimi bado nimepiga magoti, mpaka kikayeyuka chote kikateremka kidogo kidogo na mate. Kichwani mwangu lilikuwa wazo moja tu, kwamba Mwili wa Bwana umenikataa.

Najua, najua. Leo nikilisema linanichekesha kidogo na kuniliza zaidi. Lakini ukiwa na hofu uliyoifungia ndani peke yako, hiyo hofu ndiyo inayokuwa padre wako, ndiyo daktari wako. Jumapili iliyofuata sikupanda. Niligeuza magoti pembeni nikawapisha watu wa benchi letu wapite, mmoja mmoja, na kila aliyepita alinitupia jicho.

Unapaswa kuelewa parokia zetu. Mwanamke aliyekomunika miaka yote, tena mwenyekiti wa jumuiya, akibaki kwenye benchi Jumapili moja, watu watasema labda alichelewa kufika. Akibaki ya pili, wanaanza kuulizana. Hatukai hivi hivi sisi. Anayebaki ana dhambi kubwa ambayo hajaiungama kwa padre, au ana ugomvi nyumbani uliomshinda. Hakuna anayefikiri kwamba mtu anaweza kubaki kwa sababu koo lake limeziba.

Baba Deo Jumapili ile ya kwanza alipanda, akarudi, akanikuta nimekaa. Hakuuliza. Jumapili ya pili mstari wetu ulipoinuka, nilimsikia akirudi kukaa. Nikamnong'oneza, "Wewe nenda." Akatikisa kichwa. Akaweka kofia yake magotini, tukabaki wawili, benchi zima limebaki wazi, watu wanapita. Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata tena.

Haya, maneno hayakuchelewa. Kama mke na mume wote wamekaa chini, basi kosa ni la mume, na mke amekataa kusamehe. Jirani yangu Mama Kalisti, katibu wa jumuiya, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango, akakumbuka kwamba Baba Deo siku hizi anashuka sana Moshi mjini. Alikuwa anashuka kutafuta dawa ya mibuni! Mwisho wa wiki Baba Deo alikuwa ameshapewa mwanamke mjini, ana duka, ana na mtoto. Loo! Mume wangu, ambaye hata kumsalimia muuza vitunguu anaona haya.

Habari zilinifikia, na hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Ningesema neno moja tu zingeisha. Ningesema, "Naumwa koo." Sikusema. Nilijua anasemwa, nilimwona akiacha kukaa na wanaume wenzake baada ya misa, akinisubiri getini peke yake, amesimama na ile kofia. Nikajiambia yatapita. Nilimwachia aubebe uongo ule ili mimi niubebe ugonjwa wangu kwa siri.

Krismasi ikaja. Huku kwetu Krismasi si sikukuu tu, ni watoto kurudi nyumbani kutoka kila kona, kihamba, shamba letu la nyumbani, kinajaa magari na kelele. Binti yetu Adela alishuka kwenye gari, akanikumbatia, halafu akanisukuma nyuma aniangalie.

"Mama, shikamoo. Mama, umeenda wapi?"

"Marahaba. Nimeenda wapi tena, si nipo hapa?"

"Mbona nimeshika mifupa?"

Nikamwambia vidonda vya tumbo. Siku ya sikukuu akaniwekea mtori mzito wa ndizi, ule wa kupondwa kwa mwiko, wenye nyuzi za nyama. Wote wananitazama. Nikajikaza. Kijiko cha tatu kikanikaba mbele ya wanangu na wajukuu, macho yakanitoka, nikatapikia nguo. Baba Deo ndiye aliyenipiga mgongoni na kunifuta uso. Adela hakulia, hakufoka. Alisema, "Kesho kutwa hospitali." Ndivyo ilivyokuwa.

Hospitali kubwa ya mjini wana mpira wenye kamera, unaumeza nao wanatazama ndani. Jibu lilikuwa lile lile nililolikimbia. Kansa. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliangalia karatasi, akatuangalia sisi, akasema kwa upole tu, "Mama, hiki kitu kimekaa muda. Mbona mmechelewa?" Nikainama. Sikumtazama mume wangu. Ningemtazama siku ile, huenda ningejifunza kitu mapema.

Dawa za dripu nilianza kiangazi. Chumba cha kusubiri kilikuwa na feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita, na benchi refu la mbao. Tulikaa tukisogea kila jina likiitwa. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Machame, Mlutheri, titi limeondolewa. Mara ya kwanza hatukusemezana. Mara ya pili alikuwa anaimba puani, taratibu, na mimi nilikuwa navuta rozari chini ya kanga. Akanichungulia.

"Dada, hiyo kitu inakusaidia?"

"Inanisaidia nisipige kelele."

"Basi na mimi naimba kwa sababu hiyo hiyo." Tukacheka mpaka nesi akatoka kutazama. Tangu siku hiyo tuliwekeana nafasi. Mimi nilisali yeye akiimba, na nilikuwa namtaja katika sala zangu kabla ya watu wa kwangu. Faraja niliyoipata kwake sikuipata katika vitabu vyangu vyote vya sala. Alikuwa mtu wa kwanza niliyemwambia wazi, "Naogopa kufa." Akasema, "Na mimi pia. Hebu sogea, wameita jina."

Mwili ulibadilika, sitakudanganya. Nywele zilibaki kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Gauni la harusi ya mpwa wangu, ambalo lilikuwa likinibana, lilinizunguka kama pazia. Ladha ya kila kitu ikawa ya sarafu. Kwa kuwa koo lilikuwa halipitishi kitu, walinitoboa tumboni wakaniwekea mrija wa kulishia. Na unajua nani alinilisha? Baba Deo. Majirani walileta mtori na maziwa, wakijua sasa ninachoumwa. Yeye aliuchuja ule mtori mara mbili kwa kitambaa, akaupima joto kwenye kiganja, akaumimina kwa bomba polepole, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikamwambia siku moja, "Ungezaliwa mwanamke ungekuwa mpishi." Akasema, "Nyamaza, utamwaga." Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chetu cha masika yote.

Kwaresima ilinikuta kitandani. Padre msaidizi, kijana aliyehamia karibuni, akaja nyumbani kunipa mpako wa wagonjwa. Alipomaliza akauliza kama nitapokea Ekaristi. Nikageukia ukuta. Nikamwambia yote, jinsi ilivyokwama, jinsi nilivyokaa chini Jumapili zote zile, jinsi nilivyofikiri nimekataliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Una kijiko, mama?"

Alimega kipande kidogo kama punje ya ulezi. Akakiweka kwenye kijiko na maji kidogo, akanipa. Kikapita.

Nililia kwa sauti. Padre alidhani ni furaha, na furaha ilikuwepo, sisemi haikuwepo. Nilihisi kama mtu aliyerudishwa nyumbani na kukuta sahani yake bado iko mezani. Lakini nililia zaidi kwa uchungu. Kumbe ni hivi tu! Kijiko na maji! Miezi yote ile ya njaa, wakati wa hofu kubwa kuliko zote maishani mwangu, nilijinyima kitu pekee kilichoweza kunishika mkono, na dawa yake ilikuwa kuuliza. Mungu alikuwa pale mbele, hatua chache. Sikuuliza.

Padre akamgeukia Baba Deo aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na wewe, baba?" Baba Deo akatikisa kichwa, akatoka nje.

Sikulielewa. Nilifikiri ana hasira na watu.

Msimu wa baridi ukarudi na nikapelekwa kwenye mionzi. Koo likaungua ndani, sauti ikakauka, ikawa hii ninayotumia sasa, kama mtu anayekwangua sufuria. Lakini kufikia vuli uvimbe ulikuwa umenywea. Nikaanza kumeza maziwa, kisha uji, kisha mtori mwepesi. Mrija ukatolewa. Daktari hakuniambia nimepona. Aliniambia turudi kila baada ya muda, tutazame. Nami nimeridhika na hilo. Mama wa Machame naye bado yupo, tunapigiana simu.

Nilipopata nguvu za kutembea mpaka jumuiya, nilisimama katikati ya sala nikasema kila kitu. Nikasema kwa sauti hii mbovu, "Baba Deo hana mwanamke mjini wala mahali popote. Alikaa kwenye benchi ili nisikae peke yangu. Mimi nilimwacha asemwe." Watu waliinamisha vichwa. Mama Kalisti alilia kuliko mimi.

Asubuhi yake akaja na jani la sale. Huku kwetu sale ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani lake, unalipiga fundo, unampelekea, na aliyeletewa sale hakatai. Afadhali akatae chakula. Mama Kalisti alipiga goti kwenye ua wetu, jani mikononi. "Baba Deo, nimekukosea. Mdomo wangu umekuchafua." Baba Deo akalipokea kwa mikono miwili. "Yameisha," akasema. "Inuka, mama, utachafua kitenge." Na kweli yaliisha. Wakaongea habari za ng'ombe, akampa na ndizi za kwenda nazo.

Nikasema, haya sasa, Jumapili tunapanda wote. Jumapili ikafika. Nilienda mbele, nikapewa kipande changu kidogo. Nikageuka, nikamwona Baba Deo bado amekaa, amegeuza magoti kuwapisha watu.

Iliendelea hivyo vuli yote, Krismasi ikapita. Mimi napanda, yeye anabaki. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikirudi kumkuta. Na sikuuliza! Unaona ulivyo ugumu wa kichwa hiki? Nimetoka kwenye mdomo wa kaburi kwa sababu ya kutokusema, bado nikakaa miezi na swali hili kifuani.

Mwisho nikajiambia, huyu ana kinyongo na mimi. Ana haki. Mama Kalisti alisema uongo bila kujua, mimi nilinyamaza nikijua. Nikaenda mpakani, nikachuma sale, nikapiga fundo. Nilimkuta kwenye mibuni anapogoa. Nikapiga goti pale kwenye majani makavu.

"Baba Deo, nimekukosea."

Alilitazama lile jani. Hakunyoosha mkono.

"Nipokelee, basi. Sale haikataliwi."

"Sikatai," akasema. "Ila umeleta kwa asiyestahili." Akakaa chini, mkasi wa kupogolea magotini. "Mimi nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa nakusikia nyuma ya zizi. Tangu siku ile ya ndizi. Kaka alianza hivyo hivyo, nilimsikia na yeye. Nilijua hayo si vidonda." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nikasema nikiuliza, litakuwa kweli. Nikangoja uniambie wewe. Nikaenda kukaa na wewe kanisani nikafikiri hiyo ndiyo kukusaidia. Daktari alipouliza mbona tumechelewa, lile swali lilikuwa langu. Ningekubeba mgongoni nikupeleke wakati ule, wasingekuunguza koo namna hii. Sasa niende mbele nikapokee nini? Watu wamenisingizia mwanamke, sikuumia sana. Nilisema afadhali wanihukumu kwa lile, maana la kweli hawalijui."

Miezi ile yote nilidhani namficha, naye anadhani ananificha, tumelala kitanda kimoja, tumekula meza moja, kila mtu na hofu yake ile ile. Nililia. Niliililia miezi ile, na sauti yangu, na yeye getini na kofia yake. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Nikampa lile jani tena. Nikasema, "Basi lishike upande wako na mimi upande wangu, maana hapa hakuna aliye safi." Akalishika. Tukakaa pale mpaka ng'ombe wakaanza kulia njaa. Nikamwambia aliyoniambia Padre siku ile ya kijiko, yeye alipokuwa ametoka nje, kwamba kama kuna mtu anayehitaji kile kipande, ni yule anayedhani hakistahili. Akasema, "Nitaona."

Nawe unayesoma, kama umeketi mahali na kitu kimekukwama, usisubiri aliye kando yako akuulize. Na wewe uliye kando yake, unayesikia, usisubiri akwambie. Imani yangu ilinishika, nakiri hivyo mbele ya yeyote. Lakini ilinishika kwa mikono ya watu, na mikono ile niliichelewesha mwenyewe.

Sasa ni masika tena, mvua haikatiki, barabara ya parokia ni tope tupu. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni naponda ndizi zangu laini. Baba Deo akaingia, akasimama karibu na mlango, akakohoa kidogo.

"Hivi siku hizi Padre anaanza kusikiliza kitubio saa ngapi?"

Sikugeuka. Nilihofia nikigeuka ataghairi.

"Saa tisa," nikasema.

Nikaacha ndizi zikapoa, nikaenda kumpigia pasi shati.